Smethwick 1964: mshindi aliyepungukiwa kura

Kwenye ghala la chama cha msingi kijijini kwetu palikuwa na mizani kubwa ya chuma. Msimu wa pamba ukifika, wakulima walipanga foleni mbele yake tangu alfajiri, na sisi watoto tulimvizia karani aende kula mchana ili tupande juu yake tupimane kilo. Usoni mwake yalikuwa yameandikwa maneno niliyoyakariri kabla sijajua yanahusu nini: W & T Avery, Birmingham. Ukubwani ndipo nilipokuja kujua kwamba anwani ile ilikuwa ya posta zaidi kuliko ya ramani. Kiwanda chenyewe, Soho Foundry, kipo Smethwick, mji wa viwanda ulioshikana na Birmingham upande wa magharibi, na ambao umezoea kutajwa kwa jina la jirani yake.

Mji huo ulikuwa na jimbo lake la ubunge tangu 1918 hadi Februari 1974. Miaka 56 si mingi kwa nchi yenye bunge kongwe kama la Uingereza, lakini tazama waliopita pale kuomba kura: binti wa ukoo wa Pankhurst, bwana mmoja aliyekuja kuwa kinara wa mafashisti wa Uingereza, mwanasiasa aliyekuwa ameshaandaliwa kiti cha Waziri wa Mambo ya Nje, na mwigizaji wa redio mzaliwa wa Tanganyika. Majimbo yenye umri mara tano yake hayana orodha kama hiyo.

Kwa kawaida Smethwick hutajwa kwa uchaguzi mmoja tu, ule wa 1964, na husimuliwa hivi: chuki ya rangi ilishinda, miezi 17 baadaye wananchi wakaona aibu, wakamtimua mbaguzi, yakaisha. Hadithi tamu. Shida yake ni kwamba ukikaa na karatasi za matokeo na kalamu mkononi, inaanza kupwaya. Mimi nasema wapiga kura wa Smethwick walisogea hatua chache tu. Aliyefungasha virago ni Labour, chama cha wafanyakazi.

Tuanze mbali kidogo. Uchaguzi wa Desemba 1918 ulikuwa wa kwanza ambao wanawake waliruhusiwa kugombea ubunge. Waliojitokeza walikuwa 17. Christabel Pankhurst, aliyeongoza pamoja na mama yake Emmeline mapambano ya wanawake kudai kura, aligombea Smethwick akiwa na baraka za Waziri Mkuu David Lloyd George. Mgombea wa serikali ya muungano aliyekuwapo tayari, meja wa jeshi, aliombwa ajiondoe ampishe. Wasomaji wa huku kwetu hawahitaji maelezo hapo: mgombea anashushwa kutoka juu, mwenyeji anaambiwa akae pembeni kwa maslahi mapana, na walioandaa mikutano ya kampeni wanajikuta wanabandua mabango waliyoyabandika wiki iliyopita.

Ungedhani Christabel angeomba kura kwa ajenda ya wanawake. Vita ndiyo kwanza vilikuwa vimekwisha, naye akaja na ajenda ya Wajerumani: walipe kwa waliyoyafanya, na wenye damu ya adui waondolewe kwenye ofisi za umma. Wapinzani wake wa Labour akawaita Wabolsheviki. Alishindwa na John Davison, mtu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, kwa kura 8,614 dhidi ya 9,389. Tofauti ni 775. Mwanamke pekee aliyeshinda mwaka ule alikuwa Constance Markievicz wa Dublin, aliyekuwa gerezani na ambaye hakwenda kukalia kiti chake, kwa kuwa chama chake cha Sinn Féin kililisusia bunge la London. Kura 775 tu, na mwanamke wa kwanza kuketi katika bunge lile angetoka Smethwick. Weka pia akilini kwamba kampeni ya kwanza kabisa ya jimbo hili ilihusu nani ana damu ya kigeni.

Davison aliposhindwa kuendelea kwa sababu ya afya, ukaitishwa uchaguzi mdogo Desemba 21, 1926. Labour wakamleta Oswald Mosley. Ndiyo, yuleyule. Wakati huo alikuwa msoshalisti, baada ya kuingia bungeni mara ya kwanza kwa tiketi ya Conservative, chama cha wahafidhina, na miaka miwili kabla alikuwa amekaribia kumng'oa Neville Chamberlain katika jimbo jirani la Birmingham Ladywood, akashindwa kwa kura 77. Magazeti yalimcheka sana: tajiri, mkwe wa Lord Curzon, anazunguka kwenye vibaraza vya watu wa karakana. Watu wa karakana hawakujali. Mgomo mkuu wa Mei ulikuwa bado mbichi vichwani mwao, na mtu anayezungumza kuhusu ajira alikuwa mtu wao hata kama ana dereva. Alishinda kwa tofauti ya kura 6,582.

Wapenda njia ya mkato husema Smethwick ilichagua fashisti kwanza, kisha ikachagua mbaguzi, basi ni desturi ya mji. Hapana. Mosley alijiuzulu serikalini Mei 1930 baada ya wenzake kuukataa mpango wake wa kupunguza ukosefu wa ajira, mwaka uliofuata akaanzisha chama chake, na katika uchaguzi wa 1931 akaenda kugombea Stoke, akaanguka. Chama cha mafashisti alikianzisha Oktoba 1932, Smethwick ikiwa imeshamsahau na imechagua mtu wa Conservative, Roy Wise, aliyekaa hadi 1945. Mwaka huo wimbi la Labour likamwingiza Alfred Dobbs. Siku moja baada ya matokeo kutangazwa, Dobbs alikufa katika ajali ya gari. Kwa hiyo Oktoba 1945 jimbo likapiga kura tena, na hapo ndipo akaingia Patrick Gordon Walker.

Huyu anataka tumtazame kwa makini, kwa sababu historia imemtendea jambo la ajabu. Alikuwa msomi wa Oxford, mwalimu wa historia. Vita vilipokuwa vinaisha aliitumikia BBC, akaripoti kutoka Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi. Katika kumbukumbu za Uingereza anakumbukwa kama mwanasiasa aliyepoteza kiti kwa kuwatetea wahamiaji weusi. Nenda Serowe, Botswana, ukamtaje hivyo, wazee watakushangaa. Mwaka 1950, akiwa Waziri wa Uhusiano wa Jumuiya ya Madola, ndiye aliyesimama bungeni kutangaza kwamba Seretse Khama, chifu mtarajiwa wa Bamangwato, hataruhusiwa kuishi katika nchi yake. Kosa la Seretse lilikuwa kumwoa Mwingereza mweupe, Ruth Williams. London iliogopa kuiudhi serikali ya Malan huko Afrika Kusini, yenye urani na dhahabu na iliyokuwa inaanza kujenga apartheidi kwa bidii. Seretse alikaa uhamishoni hadi 1956. Simsemi Gordon Walker kuwa mwovu. Nasema alikuwa mtu wa kanuni pale kanuni zilipokuwa hazina gharama kubwa, na Labour ilijaa watu wa namna hiyo.

Alipokuwa akishughulika na mambo ya dunia kutoka London, alikokuwa akiishi, Smethwick ilikuwa inabadilika. Viwanda vya kuyeyusha chuma vilihitaji watu wa kazi ya joto, moshi na zamu za usiku, kazi ambayo vijana wa Kiingereza waliokuwa na chaguo jingine waliikimbia. Waliokuja kuifanya walitoka Punjab, wengi wao Masingasinga, ambao wenzetu wa Kenya wanawaita Makalasinga, na wengine visiwa vya Karibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Masingasinga walinunua kanisa la zamani pale High Street wakaligeuza gurdwara, hekalu lao.

Sasa ona takwimu moja ambayo kelele za wakati ule ziliimeza. Mwaka 1951 Smethwick ilikuwa na watu zaidi ya 76,000. Mwaka 1961 walikuwa takriban 68,000. Mji uliokuwa ukipiga kelele kwamba umejaa ulikuwa unapungua. Kilichojaa ni orodha ya wanaosubiri nyumba za halmashauri. Nyumba zenyewe zilikuwa za enzi za Victoria, zimebanana safu kwa safu, choo uani, na uwezo wa kujenga nyingine ulikuwa mdogo. Mtu aliyesubiri miaka kadhaa akimwona Singasinga amenunua nyumba ya kona kwa fedha za kuchangishana na ndugu zake, hakuuliza nani alishindwa kujenga. Alimwangalia aliyenunua.

Peter Griffiths, mgombea wa Conservative, alilijua hilo kwa sababu aliishi nalo. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, diwani wa Smethwick, mtu wa eneo lile. Alikuwa ameshajaribu ubunge mwaka 1959 akashindwa. Safari hii kampeni yake iliegemea uhamiaji, na barua za wasomaji katika gazeti la mji zilimsaidia kulikoleza moto. Mitaani likatokea tangazo lisilo na mwenyewe, la vina, kwa hiyo lilishika haraka kama wimbo wa mpira, watoto waliliimba. Kwa Kiswahili lingekuwa: ukitaka jirani mweusi, ipigie kura Labour. Isipokuwa neno lililotumika halikuwa "mweusi". Lilikuwa tusi, na sitaliandika hapa. Griffiths alisema si yeye aliyelitunga. Alipoulizwa na gazeti la The Times kama analilaani, alijibu kwamba ni hisia za watu zinazojitokeza, na hawezi kumlaani anayesema hivyo. Kwa siasa za kampeni hilo ni jibu la fundi: mkono haujagusa kisu, lakini umekinoa.

Labour je? Novemba 1961, muswada wa kwanza wa kuwadhibiti wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ulipofika bungeni, Gordon Walker alikuwa miongoni mwa wasemaji wakuu wa chama chake walioupinga. Lakini ilipofika kampeni ya 1964, vipeperushi vya Labour pale Smethwick havikuutetea msimamo ule. Vilijitetea kwa kusema wahamiaji wameingia kwa wingi ndani ya miaka kumi iliyopita, wakati Conservative wakiwa madarakani, kwa hiyo msiilaumu Labour. Soma utetezi huo mara mbili. Unakubali kwamba jirani Mhindi ni tatizo, ubishi uliobaki ni nani kamleta. Na klabu ya Labour mjini hapo, mahali pa kunywa bia baada ya zamu, haikuwa ikiwakaribisha weusi. Mpiga kura aliyekuwa na wasiwasi aliona vyama viwili vinakubaliana kuhusu ugonjwa, kimoja kina aibu ya kutaja dawa. Angekiamini kipi?

Kura zikapigwa Oktoba 15, 1964. Nchi nzima upepo ulivuma kuelekea Labour kwa zaidi ya asilimia tatu, na Harold Wilson akaingia madarakani baada ya miaka 13 ya Conservative. Smethwick upepo ulivuma kinyume kwa asilimia 7.2. Griffiths kura 16,690, Gordon Walker 14,916, tofauti 1,774. Akitoka ukumbini, mbunge aliyeshindwa alizomewa kwa matusi ya rangi.

Hapo ndipo wengi huishia. Mimi naomba turudi nyuma miaka mitano. Mwaka 1959, katika jimbo hilihili, wagombea wakiwa walewale wawili, Gordon Walker alipata kura 20,670 na Griffiths 17,126. Kwa hiyo Griffiths mshindi wa 1964 alipata kura 436 pungufu ya Griffiths aliyeshindwa 1959. Ile kampeni ambayo Uingereza nzima iliiogopa, iliyosemekana imewasha moto usiozimika, haikumwongezea hata kura moja kwa hesabu ya jumla.

Gordon Walker alipoteza 5,754. Mgombea wa Liberal, ambaye 1959 hakuwapo, alipata 3,172. Mgombea binafsi alipata 262. Na jumla ya waliopiga kura ilishuka kwa 2,756. Najua vizuri kwamba ndani ya namba kama hizi watu huvukana: wapo wa Labour waliokwenda moja kwa moja kwa Griffiths, na wapo wa Conservative waliokwenda kwa Liberal, labda kwa kinyaa. Waliokufa na waliohama mji nao wamo. Hata hivyo umbo la matokeo haliwezi kufichika. Sehemu kubwa ya ushindi ule ilitengenezwa na watu wa Labour walioshika njia nyingine au waliobaki nyumbani. Fungu la Griffiths lilipanda kutoka asilimia 45.3 hadi 47.6. La Labour lilianguka kutoka 54.7 hadi 42.6. Ukiiita hiyo mafuriko ya chuki, sawa, lakini mafuriko hayo yalikuta ukuta umeshabomoka.

Na ulianza kubomoka kabla ya lile tangazo. Wingi wa kura za Gordon Walker ulikuwa 9,727 mwaka 1951, ukashuka hadi 6,495 mwaka 1955, ukashuka tena hadi 3,544 mwaka 1959. Mbunge anayeishi mbali, mji unaopoteza watu, chama kinachohesabu kura za wafanyakazi kama mali ya urithi. Wasimulizi wanaoanzia 1964 humpa Griffiths sifa ya uchawi ambayo hakustahili.

Tafsiri ya London ikawa tofauti kabisa. Novemba 1964 Wilson alisimama bungeni akasema Griffiths atumikie muda wake hapo akiwa kama mwenye ukoma, mtu wa kutengwa. Wabunge wa Conservative wakachafuka, vurugu tupu. Hotuba ile inasifiwa hadi leo. Mimi naiona kama njia rahisi ya kunawa mikono: mwenye ukoma hukaa nje ya kijiji, hivyo kijiji kinabaki safi.

Wakati huohuo Wilson alikuwa amemteua Gordon Walker kuwa Waziri wa Mambo ya Nje bila kuwa na kiti. Ikabidi kitafutwe kiti. Reginald Sorensen, mbunge mkongwe wa Leyton, mashariki mwa London, akashawishiwa kukubali ulodi, yaani ahamie bunge la juu, ili nafasi ipatikane. Labour walikuwa wameshinda Leyton kwa kura 7,926 miezi mitatu tu kabla. Mfuasi wa Unazi, Colin Jordan, alipanda jukwaani kuvuruga mkutano wa kampeni, Waziri wa Ulinzi Denis Healey akamtandika ngumi. Lakini Januari 21, 1965, Gordon Walker alianguka tena, kwa kura 205. Akajiuzulu uwaziri.

Waliotaka kusikia rangi walisikia rangi. Mimi katika Leyton nasikia pia kitu cha Smethwick ya 1918: watu walikuwa na mbunge wao waliyemzoea, akaondolewa ili kumpisha mkubwa aliyekosa kiti kwingine. Wapiga kura hawapendi kugeuzwa stuli ya kupandia. Lakini kwa Labour somo lilishaandikwa, na lilikuwa na neno moja: uhamiaji. Serikali iliyoanza na wingi wa viti vinne tu bungeni sasa ilikuwa imepungukiwa zaidi, na kila waziri alikuwa akihesabu.

Smethwick nako mambo hayakutulia. Kuna mtaa unaitwa Marshall Street, nyumba za matofali zilizoshikana, milango inafungukia barabarani. Wakazi wazungu waliiomba halmashauri, iliyokuwa mikononi mwa Conservative, inunue nyumba zote zitakazouzwa pale na iwape familia nyeupe tu. Halmashauri ikakubali. Februari 12, 1965, akatokea mtaani hapo mgeni mrefu mwenye miwani na kofia ya manyoya: Malcolm X, mtetezi wa haki za weusi wa Marekani. Alialikwa na Avtar Singh Jouhl wa Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi, Indian Workers' Association, shirika ambalo wanachama wake waliendesha mapambano ya kila siku dhidi ya ubaguzi kwenye viwanda na baa. Jouhl alimpeleka Blue Gates, baa ya High Street, wakakataliwa kuhudumiwa kwenye chumba cha wazungu. Oktoba ya 1964, mwezi uleule Smethwick ilipopiga kura, Malcolm alikuwa Dar es Salaam akikutana na Mwalimu Nyerere na Abdulrahman Babu. Sasa alikuwa kwenye baa ya mji wa vyuma akitafuta kinywaji tu. Siku tisa baadaye aliuawa kwa risasi New York.

Mpango wa Marshall Street ulikwama. Richard Crossman, waziri wa nyumba katika serikali ya Labour, aliinyima halmashauri kibali cha mkopo. Lisifiwe hilo, ni tendo. Lakini Crossman huyohuyo aliandika katika shajara yake kwamba tangu Smethwick ilikuwa wazi uhamiaji ndilo jambo linaloweza kuipotezea Labour kura kuliko lolote. Na Agosti 1965 serikali yake ilitoa waraka uliopunguza vibali vya kazi kwa watu wa Jumuiya ya Madola hadi 8,500 kwa mwaka. Sheria ya 1962 ambayo Gordon Walker na wenzake walisema ni aibu, sasa Labour walikuwa wakiikaza bolti. Ni kweli mwaka huohuo walipitisha sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi, na watetezi wa Wilson huitanguliza kila mara. Sheria ile haikugusa nyumba wala ajira, yaani haikugusa Marshall Street wala lango la kiwanda. Ilihusu mahali pa umma, kama ile baa.

Basi tufike 1966, mwaka unaosemekana ulisafisha jina. Machi 31 Andrew Faulds wa Labour alipata kura 18,440, Griffiths 14,950. Faulds alikuwa mtu wa aina yake: ndevu nene, sauti ya ngurumo ambayo Waingereza waliijua kupitia tamthilia za redio za safari za anga. Paul Robeson aliishi nyumbani kwake mwaka 1959 alipokuwa akiigiza Stratford, na Faulds alisema Robeson ndiye aliyemsukuma aingie siasa. Alizaliwa Tanganyika mwaka 1923, wazazi wake wakiwa wamisionari. Hivyo mji uliokuwa umelia kuhusu watu wa makoloni ukatuma bungeni mtu aliyezaliwa kwenye nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Uingereza, na hakuna aliyeimba wimbo kuhusu jirani yake, kwa sababu ambayo huhitaji kuambiwa.

Faulds alikuwa jasiri, na hakuona haya kuupinga ubaguzi hadharani. Hilo simnyimi. Lakini kura 18,440 ni pungufu kwa 2,230 kuliko alizopata Gordon Walker 1959, mwaka ambao Labour ilishindwa vibaya nchi nzima. Faulds alizipata mwaka ambao Labour ilishinda kwa wingi wa karibu viti 100. Mji ulikuwa umepungua, kubali. Na Griffiths aliondoka na kura 1,740 tu pungufu ya zile zilizompa ushindi. Baada ya miezi 17 ya kuitwa mkoma na dunia nzima, watu 14,950 walirudi kumpigia. Aibu kubwa ninayosimuliwa siioni kwenye namba hizo. Ninachoona ni watu wa Labour waliorejea kwenye chama ambacho sasa hakikuwa kikiwatisha tena kwa jambo lililowaudhi.

Gharama ya kurejea kwao ililipwa Nairobi. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za vibali na leseni zilizowabana wasio raia, na maelfu ya Wahindi waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakaanza kujaza ndege za London. Februari 1968 serikali ya Wilson, waziri wa mambo ya ndani akiwa James Callaghan, ilipitisha ndani ya siku chache sheria iliyoanza kutumika Machi 1. Kuanzia siku hiyo pasipoti peke yake haikutosha. Ilibidi wewe, mzazi wako au babu au bibi yako awe amezaliwa Uingereza au amepata uraia hukohuko. Mtu kama Faulds, mzaliwa wa Tanganyika, angepita bila kuulizwa. Mwenye duka wa Biashara Street, mwenye pasipoti ya rangi ileile na nembo ileile, alisimamishwa dirishani. Miongoni mwa waliokaa kwenye baraza la mawaziri lililoleta sheria ile alikuwa Waziri wa Elimu, Patrick Gordon Walker, aliyekuwa amepata Leyton hatimaye mwaka 1966. Mtu aliyepoteza kiti kwa sifa ya kuwafungulia wahamiaji mlango alikuwemo chumbani mlango ulipofungwa.

Majuma machache baadaye Enoch Powell, mbunge wa Wolverhampton, kilomita chache kutoka Smethwick, akatoa hotuba yake ya mito ya damu, ya kupinga uhamiaji. Akafukuzwa kwenye baraza kivuli la Conservative, naye akawa mkoma mpya.

Februari 1974 jimbo la Smethwick likafutwa, eneo likaingia Warley East, na Faulds akaendelea kuwa mbunge huko hadi 1997. Griffiths alirudi bungeni 1979 kupitia Portsmouth North, akakaa miaka 18 bila mtu kumtenga. Alifariki 2013, mwaka mmoja baada ya Marshall Street kuwekewa kibao cha kumbukumbu ya ziara ya Malcolm X.

Mipaka ilipochorwa upya, jina la Smethwick likarudi kwenye karatasi za kura Julai 2024. Aliyeshinda ni Gurinder Singh Josan wa Labour, Singasinga. Mei 2025, akiwa mbunge kwa miezi kumi, Waziri Mkuu wake Keir Starmer alizindua sera ya kukaza uhamiaji kwa kusema Uingereza iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Mwezi uliofuata Starmer alisema anajutia maneno hayo. Sera imebaki.